Afya, pesa na maamuzi ya kila siku Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudiwa kwenye mikutano ya vikundi vya akiba, kwenye foleni za vituo vya afya na kwenye vikao vya parishi (eneo la utawala lenye vijiji kadhaa). Hesabu inayoanza na neno "tuseme" ni mfano tu. Weka bei za kwenu, kisha uipige upya.

## Mambo ya msingi

1. Uchumi una uhusiano gani na ugonjwa? Si ni mambo ya benki na biashara?

Uchumi ni elimu ya kuchagua pale ambapo vitu havitoshi, na pesa ni kimoja tu kati ya vitu hivyo. Muda wa nesi hautoshi. Vitanda havitoshi. Nguvu za mama anayelima, anayeteka maji na anayeuguza hazitoshi. Akichagua kimoja anaacha kingine, na kile alichokiacha ndiyo gharama yake ya kweli, hata kama hakuna noti iliyotoka mfukoni.

Gary Becker alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1992 kwa kuzipeleka fikra hizi kwenye familia, elimu na uhalifu. Kabla yake, mwaka 1963, Kenneth Arrow alieleza kwa nini matibabu si bidhaa kama sukari: hujui utaugua lini, na ukiugua, anayekuuzia dawa mara nyingi ndiye huyo huyo anayekuambia unahitaji dawa gani. Mambo hayo mawili yako nyuma ya maswali mengi yaliyo hapa chini.

2. Vituo vya serikali ni bure. Kwa nini basi hata maskini wanakwenda kwingine?

Ada zilifutwa Machi 2001 katika vituo vyote vya serikali, isipokuwa wodi za kulipia za hospitali. Watu waliongezeka haraka, na walioongezeka zaidi walikuwa maskini. Uamuzi ule ulikuwa mwema na tunautetea. Lakini ada ilikuwa kipande kimoja tu cha bei.

Tuseme mama anaishi kilomita 8 kutoka kituo cha afya cha daraja la III, na mtoto ana homa. Boda kwenda na kurudi ni 8,000. Anafika saa mbili asubuhi, anatoka saa tisa alasiri, na siku hiyo hakuuza nyanya: faida ya 10,000 imepotea. Daftari la kuandikiwa ni 500. Chakula chake na cha mtoto, 2,000. Dawa moja haipo, anaambiwa akainunue nje kwa 6,000. Jumla ni shilingi 26,500, kwa huduma ambayo hakuna aliyemtoza senti. Duka la dawa lililo mita 200 kutoka nyumbani kwake lingemtoza 7,000, naye angerudi sokoni baada ya dakika ishirini.

Mama huyu hajakosea hesabu. Anachokosa dukani ni uhakika kwamba alichouziwa ndicho mtoto anachohitaji (swali la 4).

Kwa hiyo ukiona watu hawaji kituoni, usianze kuwahubiria kuhusu umuhimu wa afya. Waulize mambo manne: nauli ni kiasi gani, wanangoja saa ngapi, nani anabaki na watoto wengine, na ni mara ngapi walirudi mikono mitupu. Majibu yataonyesha pa kuanzia. Mgonjwa wa shinikizo la damu anayepewa dawa za miezi miwili badala ya mmoja amepunguziwa nauli kwa nusu, na kituo hakikutumia shilingi ya ziada, ilimradi stoo ina dawa za kutosha.

3. Kwa nini dawa huisha kabla ya gari la dawa kurudi?

Bohari ya taifa ya dawa hupeleka mzigo kwa mizunguko ya miezi miwili. Vituo vya II na III hupokea maboksi ambayo orodha yake imepangwa tayari. Vituo vya IV na hospitali huagiza wenyewe. Orodha iliyopangwa inaokoa vituo vidogo na makosa ya kuagiza, lakini haijui kwamba parishi yenu iko kando ya kinamasi na ina malaria nyingi kuliko ile ya mlimani. Kituo kimoja kinabaki na dawa zinazokaribia kuharibika, jirani yake anaishiwa wiki ya tatu.

Kuna sababu nyingine isiyosemwa sana. Habari ikienea kwamba dawa zimefika, hata asiyeumwa huja akidai ana homa ili apate za kuweka nyumbani. Kwa mtu mmoja huo ni uangalifu, maana anajua mwezi ujao hazitakuwepo. Kwa kijiji kizima ndiyo sababu mwezi ujao hazitakuwepo. Hofu ya kukosa inaleta kukosa. Dawa ya hofu hiyo ni kupima kabla ya kutoa, na kuandika ubaoni tarehe mzigo ulipofika na dozi ngapi zimebaki kila Jumatatu.

Wizi nao upo. Mjumbe wa kamati ya kituo anaweza kuukagua bila kuwa daktari. Achukue kadi ya stoo ya dawa moja, aanze na bakaa ya mwezi uliopita, aongeze zilizoingia, atoe zilizotoka, kisha ahesabu zilizo rafuni. Baada ya hapo afungue rejista ya wagonjwa. Rejista ikionyesha watu 300 waliothibitishwa kuwa na malaria na kadi ikionyesha dozi 450 zimetoka, kuna dozi 150 za kuulizia. Aulize kwa heshima, mbele ya kamati nzima, na jibu liandikwe. Pale ambapo tatizo ni mgawo na hakuna wizi, wilaya inaweza kuruhusu ziada ya kituo kimoja ihamishiwe kingine.

4. Kuna ubaya gani kuanzia duka la dawa?

Ubaya uko kwenye elimu isiyo sawa kati ya muuzaji na mnunuzi. George Akerlof alieleza mwaka 1970 kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha kizuri na kibovu, kibovu hufukuza kizuri sokoni, kwa sababu anayeuza kizuri kwa bei ya haki anaonekana ghali bure. Utafiti uliofanywa Mbarara ulikuta zaidi ya theluthi moja ya maduka yakiuza dawa bandia za malaria. Na pale walipoingia wauzaji wa nyumba kwa nyumba wenye dawa halisi za bei nafuu, dawa bandia zilipungua hata kwenye maduka ya zamani. Ushindani wa mtu mwaminifu uliwasafisha majirani zake.

Ukienda dukani, fanya hivi:

- Tazama leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa ukutani. Iwe ya mwaka huu.
- Omba kipimo cha haraka cha malaria kwanza. Kisipoonyesha malaria, usinunue dawa ya malaria "kwa usalama": homa ina sababu nyingine ambayo inaendelea kula muda. Nenda kituoni.
- Nunua dozi nzima, kwenye pakiti ambayo haijafunguliwa. Dozi ya kawaida ya mtu mzima ya atemetha na lumefantrini ni vidonge 24: vinne asubuhi, vinne jioni, siku 3.

Nusu dozi ndiyo hasara inayotuuma zaidi. Anayenunua vidonge 12 anadhani ameokoa nusu ya pesa. Homa ikirudi, amepoteza zile alizotoa, atanunua dozi nzima, na amepoteza siku nyingine za kazi. Vimelea vilivyosalia mwilini mwake vimepata nafasi ya kuzoea dawa, na hasara hiyo italipwa na watu ambao hata hawamjui (swali la 12).

## Akiba, mkopo na bima

5. Kikundi chetu cha akiba kinaweza kugharamia matibabu?

Kinaweza, mkitenga mfuko wa jamii mbali na hisa. Kikundi cha kawaida kina watu 15 hadi 30, sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na sanduku lenyewe kwa mtu wa nne. Kila wiki mwanachama hununua hisa 1 hadi 5, na baada ya miezi 9 hadi 12 mnagawana. Mfuko wa jamii uwe na pochi yake humo sandukuni na hesabu yake isomwe kwa sauti kila mkutano.

Tuseme mko 25 na kila mmoja anatoa 500 kwa wiki. Kwa mwaka ni 650,000. Kabla ya kutoa shilingi ya kwanza, kubalianeni: ni zawadi au ni mkopo usio na riba? Kiwango cha juu kwa mtu mmoja ni kiasi gani? Unamhusu mwanachama peke yake, au pia watoto, wazazi, wakwe? Swali la wakwe lisipojibiwa mapema huvunja vikundi.

Ushauri wetu ni kwamba mfuko huu uanze na nauli. Kituo ni bure, boda ya usiku wa manane si bure, na mama mwenye uchungu wa kujifungua hawezi kungoja mkutano wa Alhamisi. Mpeni mweka hazina ruhusa ya kutoa hadi 30,000 bila mkutano, na risiti isomwe wiki inayofuata.

Mambo matatu huharibika. La kwanza, kikundi hugawana kila kitu Desemba na kuingia Januari bila senti. Mfuko wa jamii usigawanywe kamwe. La pili, wote huugua pamoja, maana malaria hufuata mvua: mfuko unaotosha Februari hautoshi Juni. Wekeni akiba ya msimu. La tatu ni ugonjwa mkubwa. Upasuaji mmoja kwenye hospitali ya kulipia unaweza kumaliza 650,000 zote. Hapo ndipo akiba inafika mwisho wake na bima inaanza.

6. Bima inafanyaje kazi, na kwa nini nyingi husambaratika?

Tuseme familia 30, na kila mwaka 3 kati yao hulaza mtu kwa gharama ya 200,000. Jumla ni 600,000. Kila familia ikitoa 20,000, wote wamelindwa.

Sasa mwaka unapita. Familia 15 ambazo hazikuugua zinasema, "Tumetoa pesa bure," na zinajitoa. Waliobaki ni wale wenye wagonjwa, kwa hiyo kulazwa ni kule kule mara tatu. Mchango unakuwa 40,000. Wenye afya kidogo kati yao nao wanaondoka. Wakibaki 8, mchango ni 75,000, na bima imekufa. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyedanganya. Imekufa kwa sababu kila mtu aliruhusiwa kuingia anapoona ugonjwa unakuja na kutoka anapojiona mzima.

Dawa ya ugonjwa huu imekuwepo kusini-magharibi kwa miaka mingi. Hospitali ya Kisiizi, wilayani Rukungiri, ilianzisha mpango wake mwaka 1996 na kuujenga juu ya vikundi vya engozi. Engozi ni machela. Vikundi hivi vilikuwa vikibeba wagonjwa kwenye milima isiyo na barabara na kuzika wafu muda mrefu kabla ya bima. Mtu alikuwa mwanachama tayari kwa sababu nyingine, si kwa sababu anaumwa. Kikundi kikijiunga, kinajiunga na wazima wake na wagonjwa wake. Hospitali ya Bwindi, wilayani Kanungu, ilianzisha mpango wake mwaka 2010. Baganda wana munno mukabi, vikundi vya kusaidiana wakati wa shida, nao ni msingi wa aina hiyo hiyo.

Mkitaka kuanzisha kwenu, sheria zisizoweza kuachwa ni hizi: kikundi kinaingia kizima au kwa sehemu kubwa iliyokubaliwa, familia inaandikishwa yote, si bibi mgonjwa peke yake, kuna muda wa kungoja kabla ya kuanza kutibiwa, na mchango unakusanywa wakati wa mavuno ya kahawa au mahindi, si mwezi wa karo. Ongezeni gharama ya uendeshaji na akiba ya mwaka mbaya juu ya ile 20,000. Mpango uliopigiwa hesabu bila hizo huanza vizuri na kufa mwaka wa pili.

7. Mwenye bima hatakwenda hospitali kwa kila mafua?

Ataenda zaidi, hilo ni kweli. Jaribio kubwa lililofanywa Marekani kati ya 1974 na 1982 liligawa familia kwenye bima za viwango mbalimbali. Waliotibiwa bure walitumia huduma nyingi zaidi, na kwa wengi afya haikutofautiana sana. Lakini waliotozwa walipunguza huduma zenye manufaa karibu sawa na zisizo na manufaa, na maskini wenye shinikizo la damu ndio walioumia.

Tunachojifunza hapa ni kutoza kidogo kwa ziara ya kawaida, na kutotoza kabisa kliniki ya wajawazito, chanjo, na dawa za kisukari, presha na kifafa. Mgonjwa wa kifafa akiruka dozi ili kuokoa 2,000, mpango utamlipia kitanda na majeraha ya moto.

8. Bima ya afya ya taifa imefikia wapi?

Bunge lilipitisha muswada mwaka 2021, lakini haukutiwa saini kuwa sheria. Usipange matibabu ya familia yako kwa kuitegemea.

9. Niuze mbuzi au nikope?

Linganisha hasara zote mbili kwa shilingi. Tuseme unahitaji 200,000. Mkopo wa kikundi kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, miezi 3, ni riba ya 60,000, na sehemu ya riba hiyo itakurudia siku ya mgao. Mkopeshaji wa mtaani kwa asilimia 20 ni 120,000, na hairudi. Mbuzi anayeuzwa usiku kwa haraka kwa 150,000, wakati Krismasi angeleta 220,000, ni hasara ya 70,000. Akiwa na mimba, ongeza mtoto wake.

Mpangilio tunaoushauri: mfuko wa jamii, mkopo wa kikundi, dume la mifugo, kisha ndugu. Jike linalozaa, karo na ardhi viwe vya mwisho kabisa. Vitu hivyo vitatu ndivyo vinavyoleta pesa za miaka ijayo. Familia inayouza shamba kulipia ugonjwa wa mwezi mmoja hubaki na njaa ya miaka kumi.

## Bei, kodi na marufuku

10. Kitu cha bure hudharauliwa. Kwa nini vyandarua visiuzwe hata kwa bei ndogo?

Wazo hili lina wafuasi wengi, na lilipimwa hapo jirani, magharibi mwa Kenya. Wajawazito waliopewa chandarua bure walilinganishwa na waliotakiwa kulipa. Bei ilipopanda kutoka sifuri hadi takriban senti 60 za Marekani, waliochukua walipungua kwa pointi 60 za asilimia. Na waliolipa hawakulala ndani ya vyandarua zaidi ya waliopewa bure. Bei ndogo haikuchuja wazembe. Ilichuja wasio na pesa siku ile.

Ukikuta chandarua kimezungushiwa vifaranga, angalia kwanza umri wake kabla ya kumlaumu mwenye nyumba. Kikiwa kimechanika pande zote, ametumia tena kitu kilichokwisha. Kikiwa kipya, uliza alipewa vingapi na ana vitanda vingapi. Mara nyingine mgawo ndio uliokosea.

Hii haina maana kwamba bei daima ni mbaya. Vocha ya uzazi ya HealthyBaby, iliyouzwa magharibi mwa Uganda kwa shilingi 3,000, ilimpa mama maskini huduma za ujauzito na kujifungua kwenye kliniki aliyoichagua, na kliniki ikalipwa kwa kila mama aliyehudumiwa. Pale bei ilikuwa ndogo, ilijulikana mapema, na iliondoa hofu ya bili ya ghafla. Hofu hiyo ndiyo inayowafanya wengi wajifungulie nyumbani.

11. Kodi na marufuku hubadili tabia kweli?

Hubadili, ila mara nyingi si kwa njia aliyoikusudia mtunga sheria. Julai 2018 ilikuja kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku. Wengi walikimbilia programu za kuficha mahali walipo, na mwaka 2021 kodi ile ikaondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na ushuru wa asilimia 12 kwenye data. Mwaka huo huo wa 2018 kodi ya asilimia 1 kwenye mobile mani ilishushwa hadi nusu asilimia, ikabaki kwenye kutoa pesa tu. Kitu chenye mbadala rahisi hukwepa kodi.

Waragi, pombe kali, wa pakiti ni habari nyingine. Ulipopigwa marufuku mwaka 2019, pombe haikuwa haramu; kilichoondolewa ni kiasi kidogo kabisa. Mvulana mwenye 500 mfukoni hakuweza tena kununua ulevi wa kuficha ndani ya soksi. Sheria ya tumbaku ya mwaka 2015 inakataza kuuza sigara mojamoja na kumuuzia aliye chini ya miaka 21 kwa mantiki hiyo hiyo. Anayetaka kulinda vijana aangalie kiasi kidogo kinachouzwa, si bei ya chupa nzima peke yake. Udhaifu wake ni usimamizi: pale ambapo duka linafungua pakiti na kuuza sigara moja bila hofu, sheria haipo.

12. Jirani asipojenga choo, mimi inanihusu nini?

Kinyesi chake kinaingia kwenye kisima chako. Yeye anaokoa gharama ya kuchimba, wewe unalipia kuhara. Chanjo ni upande wa pili wa sarafu hiyo: anayemchanja mtoto anawakinga na watoto wengine, na kwa surua karibu watoto 95 kati ya 100 wanahitaji kinga ili ugonjwa usienee. Faida au hasara inapomwangukia mtu asiyefanya uamuzi, soko peke yake halitarekebisha. Hapo ndipo sheria ndogo za kijiji, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na pesa za umma zina kazi halali.

## Kwa viongozi na kamati

13. Kaunti ndogo imepata milioni 10 za afya. Tununue nini?

Swali si "nini ni muhimu zaidi". Uliza: shilingi inayofuata italeta nini ambacho hakingekuwepo?

Tuseme kuna mapendekezo mawili. La kwanza ni kutengeneza ambulensi kwa milioni 10. Kabla ya kupiga makofi, andikeni gharama za kila mwezi: mafuta, tairi, posho ya dereva. Zikiwa 600,000 na hazina bajeti, ambulensi itaegeshwa mwezi wa tatu. La pili ni safari za pikipiki za kuchanja vijijini, 60,000 kwa safari. Milioni 10 ni safari 166. Kwenye kijiji cha mbali safari ya kwanza inaweza kukuta watoto 15 waliokosa chanjo. Ya pili itakuta 8, ya tano pengine 2. Kwa hiyo safari 166 ni nyingi mno. Pengine 60 zinatosha, kwa milioni 3.6, na zinazobaki ziende kwenye tangi la maji ya mvua la wodi ya uzazi, ambako sasa ndugu wa mgonjwa wanateka maji kwa madumu.

Wataalamu hulinganisha kwa kuhesabu miaka ya maisha yenye afya inayookolewa kwa kila shilingi, kipimo kilichoenezwa na Benki ya Dunia mwaka 1993. Wengine huchukia hesabu hii wakisema inaweka bei kwenye uhai. Tunaelewa uchungu huo. Lakini bajeti inaweka bei hiyo hata bila hesabu. Tofauti ni kwamba bila hesabu, aliyekosa haonekani.

14. Wahudumu hawaji kazini. Tuwafukuze?

Kwanza tafuteni wanalala wapi. Mkunga anayeishi kilomita 20 kutoka kituoni, bila nyumba ya watumishi, anatumia sehemu ya mshahara wake kuja kumtumikia mgeni. Kliniki ya binafsi mjini inamlipa siku hiyo hiyo. Chumba safi chenye sola karibu na kituo mara nyingi huleta siku nyingi za kazi kuliko barua ya onyo. Baada ya hapo bandikeni ratiba ya zamu ukutani, yenye majina, ili mgonjwa ajue nani alipaswa kuwepo. Asiyekuja akiwa na nyumba, mshahara na zamu iliyobandikwa, huyo apelekwe mbele ya wilaya.

15. Kubandika hesabu ukutani kunasaidia kweli?

Ushahidi maarufu unatoka hapa hapa Uganda. Kati ya 1991 na 1995 shule za msingi zilifikiwa na asilimia 13 tu ya ruzuku zilizotengewa. Serikali ilianza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, na shule zikabandika walichopokea. Kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 zilikuwa zikifika. Magazeti hayakufanya kazi peke yake, maana usimamizi wa fedha nao ulibadilishwa, lakini mzazi aliyejua kiasi alikuwa na la kuuliza.

Kwenye afya picha haiko wazi hivyo. Jaribio la kwanza la mikutano ya wanakijiji na wahudumu, kwenye vituo 50, lilionyesha vifo vya watoto vikipungua kwa theluthi. Jaribio kubwa la baadaye halikuona matokeo hayo ya vifo. Fanyeni mikutano, ila msiitarajie iwe badala ya dawa na wahudumu.

## Maswali magumu

16. Wakimbizi wanatumia vituo vyetu. Je, hawatumalizii dawa?

Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, nao hutibiwa kwenye vituo vile vile pamoja na wenyeji. Mzigo wa dawa ukipangwa kwa idadi ya zamani ya watu, foleni itarefuka na kila upande utamlaumu mwingine. Lakini msaada nao huleta majengo, wahudumu na magari ambayo parishi ile isingepata. Kanuni inayotumika ni kwamba takriban asilimia 30 ya msaada iwafaidi wenyeji. Kiongozi wa mtaa adai mambo mawili: takwimu za kituo zihesabu kila anayetibiwa, na asilimia hiyo ionekane kwa jina la mradi, si kwa maneno.

Kwenye vituo vya makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali kuna gharama isiyoandikwa kwenye bajeti yoyote, nayo ni lugha. Mgonjwa kutoka Kongo anayejua Kiswahili na nesi anayejua Runyankole watapoteza dakika kumi kabla ya kufika kwenye ugonjwa. Mkalimani mmoja wa Kiswahili huokoa muda wa wahudumu wote wa zamu.

17. Kama mtu ni maskini na ana figo mbili, kwa nini asiuze moja?

Sheria ya Uganda ya mwaka 2023 inakataza kuuza viungo. Iran inaruhusu malipo, kwa hiyo hoja si kwamba haiwezekani. Hoja ni ile ya swali la 4, iliyo mbaya zaidi: anayeuza hajui hatari ya miaka ishirini ijayo, dalali anajua zaidi, na pesa zinaisha upesi wakati kovu linabaki.

Ipo njia ya kubadilishana bila pesa. Mke wako anataka kukupa figo lakini figo yake haiendani na mwili wako. Familia nyingine ina shida hiyo hiyo. Figo ya mke wa familia hiyo inakufaa wewe, na ya mke wako inamfaa mume wa familia hiyo. Alvin Roth, mshindi wa Nobel mwaka 2012, alisaidia kupanga mifumo ya kulinganisha familia kama hizo Marekani. Inahitaji sajili ya pamoja na hospitali zinazoaminiana.

Kwa anayesafishwa damu leo, hesabu ya haraka ni ya nauli. Tuseme unatoka Masaka kwenda Hospitali ya Kiruddu, Kampala, mara mbili kwa wiki, wewe na msindikizaji, 20,000 kwa kila mtu kwenda na vivyo hivyo kurudi. Ni 160,000 kwa wiki, 640,000 kwa wiki nne. Chumba cha kupanga karibu na hospitali kwa 200,000 kinabakiza 440,000 za chakula, na mgonjwa hakosi zamu kwa sababu ya mvua au gari bovu.